Hojaji Fupi za Afya na Mtihani wa Tafsiri: Wito kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, mwandishi wa makala haya alimsindikiza shangazi yake katika kliniki moja ya wagonjwa wa kisukari. Baada ya kupimwa sukari na shinikizo la damu, shangazi aliketishwa mbele ya mhudumu kijana, mpole na mwenye adabu zake. Kijana huyo alikuwa na karatasi moja yenye maswali tisa yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Alilisoma kila swali kimoyomoyo, akalitafsiri papo hapo, kisha akaandika nambari.

"Mama, katika hizi wiki mbili, umekuwa na hamu kidogo ya kufanya mambo yako?"

Shangazi aliinamisha macho. "Hamu? Hata hiyo kidogo sina, mwanangu."

Mhudumu akaandika sifuri.

Katika karatasi ile, sifuri ilimaanisha kwamba mgonjwa hana tatizo hilo hata chembe. Ilhali shangazi alikuwa ameacha kwenda shambani, ameacha kikundi chake cha akina mama, na hata kuku wake alikuwa amewaachia majirani. Alikuwa amesema kweli kwa Kiswahili fasaha, na ukweli wake ukaandikwa kinyume. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza swali ambalo hadi leo halijanitoka: "Mbona nimemwambia sina hamu, naye hakuniuliza kwa nini?"

Lilikuwa kosa la nani? Si la kijana yule, kwani hakufunzwa kutafsiri. Wala si la shangazi. Lilikuwa kosa la neno moja dogo, neno "kidogo", ambalo yeyote aliyepitia darasa la semantiki angeweza kulikamata kabla halijamfikia mgonjwa.

Makala haya yanalenga mambo matatu. Kwanza, yanaeleza hojaji fupi za wagonjwa ni nini, zilitoka wapi na zinafanyaje kazi. Pili, yanachunguza matatizo ya kiisimu yanayozuka hojaji hizo zinapoingizwa katika Kiswahili. Tatu, yanapendekeza nafasi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuichukua katika kazi hii, ambayo kwa muda mrefu tumeiachia wenzetu wa tiba peke yao.

Maana ya hojaji fupi

Hojaji fupi ya mgonjwa ni orodha ya maswali machache, aghalabu kati ya mawili na arubaini hivi, ambayo mgonjwa huyajibu mwenyewe kuhusu hali yake. Majibu hayaachwi wazi. Mgonjwa huchagua moja kati ya majibu yaliyokwisha kupangwa kwa ngazi, na kila ngazi ina nambari yake. Nambari hizo hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo humwambia mhudumu kama kuna jambo la kuchunguzwa zaidi.

Yafaa tusisitize neno "mwenyewe". Hapo awali daktari ndiye aliyekuwa mpimaji na mwamuzi pia. Mwaka 1949, kwa mfano, David Karnofsky na mwenzake Joseph Burchenal walitoa kipimo cha uwezo wa mgonjwa wa saratani kuendesha maisha yake, kuanzia 0 hadi 100. Kipimo hicho kingali kinatumika, lakini anayetoa alama ni daktari. Hojaji za siku hizi zimeigeuza njia hiyo. Zinakiri kwamba yapo mambo ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyaona: maumivu, uchovu, huzuni, matumaini. Hayo anayajua mwenye mwili na mwenye moyo. Wahenga walilifahamu hilo zamani waliposema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mabadiliko haya yana mizizi katika fasili ya afya yenyewe. Katiba ya Shirika la Afya Ulimwenguni, iliyotiwa sahihi mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, ilieleza kwamba afya ni hali ya ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Maadamu afya ni pana kiasi hicho, kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Ilibidi atafutwe shahidi mwingine, na shahidi huyo ni mgonjwa.

Mifano ya hojaji na utendakazi wake

Zipo hojaji nyingi mno. Hapa tutazitaja nne tu, kila moja ikiwakilisha jambo linalopimwa.

Ya kwanza ni WHO-5, ambayo hupima ustawi wa nafsi. Ilitolewa mwaka 1998 chini ya Shirika la Afya Ulimwenguni. Ina kauli tano tu, na zote ni za upande wa heri: uchangamfu, utulivu, nguvu za kutenda, kuamka ukiwa umepumzika, na kuwa na mambo yanayokuvutia katika maisha ya kila siku. Mhojiwa huangalia wiki mbili zilizopita na kuchagua kati ya 0 na 5 kwa kila kauli. Jumla ya juu ni 25, nayo huzidishwa kwa 4 ili ifike 100. Anayepata chini ya 50 huhesabiwa kuwa ustawi wake ni duni na anafaa kuchunguzwa zaidi.

Ya pili ni PHQ-9, ambayo ndiyo aliyoulizwa shangazi. Ilitungwa nchini Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na makala iliyoithibitisha ikachapishwa mwaka 2001. Vipengele vyake tisa hulingana na dalili tisa za ugonjwa ambao Waswahili wengine huuita sonona, wengine unyogovu, na wengine mfadhaiko. Kila dalili hupewa alama kati ya 0 na 3 kulingana na siku ambazo imemsumbua mgonjwa katika wiki mbili. Jumla ya juu ni 27. Anayefikisha 10 huhitaji kuangaliwa kwa makini. Vipengele viwili vya kwanza vikitumiwa peke yake huitwa PHQ-2, na hapo mpaka ni 3 kati ya 6. Hojaji hizi mbili si ngeni kwetu: mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliozipima miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya.

Ya tatu ni EQ-5D, iliyozaliwa na kundi la watafiti wa Ulaya lililoanza kukutana mwaka 1987. Huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Hapo mwanzo kila jambo lilikuwa na ngazi tatu za majibu, hivyo kwamba hali za afya zinazoweza kuelezwa ni 243. Baadaye likatolewa toleo la ngazi tano, na idadi ikapanda hadi 3,125. Mwishoni mhojiwa huonyeshwa mstari uliosimama mithili ya kipimajoto, wenye alama 0 hadi 100, naye huonyesha afya yake ilipo. Tofauti na mbili zilizotangulia, hii huuliza kuhusu siku ya leo pekee.

Ya nne hupima kujitunza. Kwa wagonjwa wa kisukari ipo hojaji iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2000 na Deborah Toobert na wenzake. Haiulizi unajisikiaje, bali umetenda nini: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulifuata maagizo ya chakula, ulifanya mazoezi, ulipima sukari, uliangalia nyayo zako? Jibu ni hesabu ya siku, kuanzia 0 hadi 7. Msingi wake ni kwamba mgonjwa wa kisukari huonana na daktari kwa dakika chache katika miezi kadhaa, na siku zote zilizobaki daktari wake ni yeye mwenyewe.

Kabla ya kuendelea, yatupasa tuseme bayana kwamba alama za hojaji si hukumu ya ugonjwa. Hojaji ni chekeche. Huchuja watu ili wachache wenye dalili waonane na mtaalamu. Lakini chekeche lenye tundu huacha kupita yale yaliyokusudiwa kuzuiwa. Tundu hilo, katika lugha yetu, mara nyingi ni la tafsiri.

Matatizo ya kiisimu

Huenda msomaji akadhani kwamba maswali tisa mafupi ni kazi ya adhuhuri moja. Kinyume chake ndicho kweli. Matini ndefu humpa msomaji muktadha wa kujisahihishia, lakini swali la maneno manane halina muktadha. Neno moja likiteleza, alama imeteleza. Hebu tutazame mifano.

(a) Neno "kidogo"

Katika Kiingereza lipo neno moja linalobeba dhana ya upungufu, kwamba kitu ni kichache kupita kiasi kinachotakiwa. "Kidogo" cha Kiswahili hakibebi upungufu huo peke yake. Mtu akisema "nina pesa kidogo" huenda akawa analalamika, na huenda akawa anajisifu kwamba hakukosa kabisa. Kwa hivyo anayeulizwa kama ana "hamu kidogo" anaweza kuelewa kwamba anaulizwa kama hamu ipo, japo haba. Mwenye afya atajibu "ndiyo, ipo", na aliyezama katika huzuni atajibu "hapana, haipo". Mizani imepinduka.

Tufanye hesabu. Chukua mgonjwa ambaye jumla yake halisi ni 12, na katika kipengele hiki alistahili 3. Akiandikiwa 0, jumla yake ni 9. Mpaka ni 10. Mgonjwa huyo ataambiwa aende nyumbani. Dawa ya tatizo ni nyepesi: uulizwe upungufu wenyewe, mathalani "kukosa hamu ya kufanya mambo" au "kutofurahia mambo uliyokuwa ukiyafurahia".

(b) "Nusu ya siku"

Ngazi ya tatu ya majibu ya PHQ-9 humtaka mtu aseme kama tatizo limemsumbua kwa zaidi ya nusu ya siku zile kumi na nne. Nomino "siku" iko katika ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki katika wingi. Basi mtu akiambiwa "zaidi ya nusu ya siku" bila kivumishi chochote cha kumwongoza, ana haki ya kuelewa nusu ya siku moja, yaani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Shangazi yangu alipofika hapo alijibu, "Asubuhi huwa nzito, lakini jua likipanda hupata nafuu." Alikuwa anagawa siku, si kuhesabu siku. Upatanisho wa kisarufi ungetosha kumwokoa: "zaidi ya nusu ya siku hizo". Bora zaidi ni kusema kwa hesabu: "zaidi ya siku saba kati ya hizo kumi na nne".

(c) Kiambishi "hu-"

Kila mwanafunzi wa mofolojia anakijua kiambishi cha mazoea "hu-", na anakijua pia kiambishi "hu-" cha ukanushi katika nafsi ya pili umoja. Yaandike maneno "huhisi huzuni". Je, ni kauli ya mazoea, kwamba mtu kwa kawaida huhisi huzuni, au ni ukanushi, kwamba wewe huhisi huzuni? Umbo ni moja, na hata kiimbo hakisaidii sana swali linaposomwa na mtu mwenye haraka. Darasani utata huu ni mfano mzuri wa mtihani. Katika karatasi ya mgonjwa ni mtego. Ni heri kutumia "umekuwa ukihisi", ambayo pia inafungamana vizuri zaidi na muda uliowekewa mipaka.

(d) Majibu ya maswali kanushi

Mwulize mzee, "Huna maumivu mwilini?" Akijibu "Ndiyo", maana yake ni "Ndiyo, sina", kwa sababu anaiafiki kauli yako. Lakini kijana aliyelelewa na sarufi ya Kiingereza shuleni atajibu "Hapana" akikusudia maana ile ile kwamba hana. Vizazi viwili, jibu la kinyume, hali moja. Ndiyo maana swali la hojaji halifai kuwa kanushi. Hata kauli iliyo yakinishi kisarufi lakini yenye kukosa au kutoweza ndani yake ipewe majibu ya kuhesabu siku au kupima kiasi, wala si "ndiyo" na "la".

(e) Kirejeshi "-ji-" na adabu ya lugha

Dhana ya mtu kujihudumia mwenyewe imo katika hojaji nyingi. Mfasiri asiye makini anaweza kudhani kwamba kitenzi "saidia" kikitiwa "-ji-" kinatosha. Lakini msemaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba "kujisaidia" ni tafsida ya kwenda haja. Mama mkwe akiulizwa mbele ya mkaza mwanawe kama anaweza kujisaidia, hatajibu kuhusu kupika wala kuvaa. Atanyamaza kwa aibu. "Kujiangalia" nako kuna kioo ndani yake. "Kujitunza" na "kujihudumia" ni salama zaidi, ingawa havina maana moja. Katika EQ-5D kinachoulizwa ni kuoga na kuvaa. Katika hojaji ya kisukari kinachoulizwa ni nidhamu ya chakula, mazoezi na dawa. Neno moja lisitumiwe kwa dhana zote mbili bila maelezo.

(f) Moyo, mawazo na maumivu

Kiswahili hueleza hisia kwa njia zake. "Moyo mzito", "moyo umekufa" na "roho imenikaa juu" ni maelezo ya hali ya nafsi, lakini mhudumu asiyejua anaweza kuandika kwamba mgonjwa analalamikia ugonjwa wa moyo. Kusema "ana mawazo" si kusema kwamba mtu anafikiri. Ni kusema kwamba anahangaika. "Uchungu" huweza kuwa wa jeraha, wa uzazi au wa kufiwa, na ndiyo sababu "maumivu" hufaa zaidi panapokusudiwa mwili. Isitoshe, maneno hubadilika tunapovuka mipaka. "Homa" kwa Mkenya wa kawaida ni makamasi na kikohozi, na kwa Mtanzania wa kawaida ni joto la mwili. Hojaji iliyotafsiriwa Dar es Salaam haiwezi kuletwa Kakamega bila kupitiwa upya.

(g) Salamu

Hatimaye kuna jambo la kipragmatiki. Sisi huulizana habari kila siku, na jibu lake ni "njema" au "nzuri" hata kama mtu anaungua kwa homa. Ubaya huja baadaye, baada ya neno "ila". Swali la hojaji linaloanza kwa "Hali yako ikoje?" huvuta jibu la salamu, si jibu la hali. Mhojaji mwelevu humaliza salamu kwanza, akatulia, kisha akaeleza kwamba sasa anaanza maswali ambayo hayahitaji jibu la heshima bali jibu la kweli.

Swali lililo gumu kuliko yote

Kipengele cha tisa cha PHQ-9 kinauliza kuhusu fikra za kufa au za kujidhuru. Hapa mfasiri husimama kati ya tafsida na uwazi. Akitumia tafsida kupindukia, swali halisikiki. Akiwa mkavu kupindukia, mgonjwa hufunga mlango. Kwa Kenya palikuwa na kizuizi kingine cha kisheria: kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kiliifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ni Januari mwaka 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi, basi, mgonjwa aliyejibu swali hilo kwa ukweli angeweza kuogopa kwamba anajitia hatiani. Sheria hubadilika kwa uamuzi wa siku moja, lakini hofu hukaa katika lugha kwa muda mrefu. Inafaa pia kukumbusha kwamba si haki kumwuliza mtu swali hili kama hapana aliyeandaliwa kumsikiliza na kumhudumia akijibu "ndiyo".

Tafsiri rejeshi na mipaka yake

Wataalamu wa hojaji hawajalala. Utaratibu unaotumiwa na wengi, ambao Richard Brislin aliueneza katika maandishi yake ya mwaka 1970, ni wa tafsiri rejeshi. Mfasiri mmoja hutoa matini kutoka lugha chasili hadi lugha lengwa. Mwingine, ambaye hajaiona matini ya kwanza, huirudisha katika lugha chasili. Kisha matini mbili za lugha chasili hulinganishwa. Zikifanana, tafsiri husemwa kuwa imepita.

Njia hii ina manufaa, lakini tuipime kwa mifano yetu. "Hamu kidogo" ikirudishwa katika Kiingereza kwa uaminifu wa neno kwa neno, itarudi ikiwa sawasawa na ilivyotoka. "Zaidi ya nusu ya siku" itarudi bila doa. Hata "kujisaidia" huweza kurudi salama mikononi mwa mfasiri anayekisia kilichokusudiwa. Kwa maneno mengine, tafsiri rejeshi huyakamata makosa ya mfasiri mzembe, lakini huyaacha yapite makosa ya mfasiri sisisi. Kadiri tafsiri inavyofuata neno kwa neno ndivyo inavyorudi vizuri, na ndivyo inavyoweza kumpotosha mgonjwa.

Takwimu nazo zina mipaka yake. Kipimo cha uthabiti wa ndani alichokitoa Lee Cronbach mwaka 1951 huonyesha kama vipengele vinakubaliana. Hakiwezi kutueleza kwamba wahojiwa wote wamelielewa swali vibaya kwa namna moja. Uthabiti si uhalali. Saa iliyochelewa kwa dakika ishirini kila siku ni thabiti, na bado haisemi kweli.

Kinachohitajika baada ya tafsiri rejeshi ni mahojiano ya uelewa. Watu wachache wa rika na maeneo mbalimbali husomewa swali, kisha huombwa waeleze kwa maneno yao wenyewe walichoulizwa. Wala si kazi ya gharama kubwa. Kumi au kumi na watano wakiketishwa kivulini na kusikilizwa kwa makini, tundu la "kidogo" huonekana asubuhi ya kwanza. Juhudi za namna hii si ngeni katika Kiswahili. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya kuitafsiri SF-36, hojaji ya vipengele thelathini na sita, kwa matumizi ya Tanzania. Hojaji hiyo ilizaliwa Marekani, na miongoni mwa mifano yake ya shughuli za wastani kuna kucheza gofu na kusukuma mashine ya kufyonza vumbi. Hakuna kamusi inayoweza kuigeuza gofu kuwa jambo la mkulima. Lazima itafutwe kazi nyingine inayodai nguvu sawa.

Somo kutoka Zimbabwe

Kuna njia nyingine, nayo ni kuanza na lugha yenyewe. Nchini Zimbabwe, mwaka 1997, Vikram Patel na wenzake walitoa hojaji ya vipengele kumi na vinne iliyojengwa juu ya maneno ambayo Washona wenyewe hutumia wanapoeleza dhiki ya nafsi. Miongoni mwa dhana zilizotangulia ni "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Dkt. Dixon Chibanda alipoanzisha mpango wa Benchi la Urafiki mjini Harare mwaka 2006, ambapo akina nyanya waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye viti vya nje ya zahanati, hojaji hiyo ikawa chombo chao. Matokeo ya jaribio la kisayansi la mpango huo yalichapishwa mwaka 2016, nayo yalionyesha kwamba waliohudumiwa na nyanya hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

"Kufungisisa" ni jirani wa "kuwa na mawazo" kwetu. Washona hawakusubiri neno lao liidhinishwe na lugha nyingine. Walianza nalo.

Hitimisho na mapendekezo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivi viwili hukutana mezani pa mhudumu, karatasi inaposomwa. Mgonjwa asiyeulizwa kwa lugha anayoielewa hajaulizwa.

Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, chama chetu kiunde jopo dogo la wanafunzi na wahadhiri litakalojitolea kuzipitia hojaji zinazotumiwa na wenzetu wa vitivo vya tiba na uuguzi, kabla hazijapelekwa nyanjani. Pili, mada za tasnifu za tafsiri zisiishie katika riwaya na tamthilia tu. Karatasi ya maswali tisa ina utata wa kumshughulisha mtahiniwa wa uzamili mwaka mzima. Tatu, kila hojaji ya Kiswahili ichapishwe na kuwekwa mezani, ili mhudumu asilazimike kutafsiri kwa kubahatisha huku foleni ikimsubiri.

Tuliporudi kliniki miezi mitatu baadaye, shangazi alipokewa na muuguzi wa makamo. Huyu naye alikuwa na karatasi ile ile ya Kiingereza, lakini aliiweka kando. Alimwamkua, akamwuliza habari za nyumbani, akangoja majibu yaishe. Kisha akasema, "Mama, yale mambo uliyokuwa ukiyapenda, bado unayapenda?"

Shangazi alinyamaza kitambo, halafu akaanza kueleza. Alieleza kwa muda mrefu. Muuguzi aliporudi kwenye karatasi yake, aliandika 3.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Shangazi hakuficha. Alisema tangu siku ya kwanza. Kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha ni kuhakikisha kwamba anayesema anasikika.